Kabla hujachora mshale, hesabu sampuli

Jumanne kijana wetu mmoja kaniletea mti wa nasaba wa kirusi cha mpox, yaani mchoro wa kipi kimetokana na kipi, rangi zimepangwa vizuri, na pembeni kaweka ramani yenye mshale mwekundu kutoka mji mmoja kwenda mwingine, kuonyesha kirusi kilikotoka na kilikoenda. Nikamuuliza: mji huu wa kwanza una sikwensi (jenomu za kirusi zilizosomwa herufi kwa herufi) ngapi? Ishirini na tisa. Na ule wa pili? Mbili. Nikamwambia afute mshale. Ni mtu wa tatu mwaka huu kuniletea mshale wa namna hiyo, na wote watatu nawapenda, ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya mara moja, nisirudie tena na tena kwenye korido.

1. Blanki (kisima kilichoachwa bila sampuli) ikitoa usomaji wa kufunika jenomu, huo ni uchafuzi: plati nzima, yaani trei yote ya sampuli, irudiwe. Hakuna cha kuibembeleza.

2. Tarehe ya kupokea sampuli si tarehe ya kuichukua. Mkiziweka kwenye safu moja, saa ya molekuli (kukadiria muda kwa kuhesabu mabadiliko ya jenomu) inawadanganya, nanyi mnatudanganya sisi. Kumbukeni Guinea mwaka 2021: Ebola ilizuka upande wa Nzérékoré, na jenomu zake zikakutwa zinakaribiana mno na zile za mlipuko wa 2014 hadi 2016. Kirusi kilichokuwa kikipita mtu hadi mtu miaka yote hiyo kingekuwa kimekusanya mabadiliko mengi zaidi. Hivyo ndivyo ilivyobainika kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni manusura aliyekaa na kirusi mwilini kwa muda mrefu. Hoja nzima imesimama juu ya tarehe sahihi na maabara isiyo na shaka ya uchafuzi.

3. Sasa mshale. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2020 madereva wa malori walikuwa wanapimwa corona mipakani kwa lazima. Mnakumbuka foleni za Malaba na Busia, malori yamelala barabarani siku kadhaa yakisubiri majibu. Maabara yetu ikawa inapokea sampuli za madereva kila wiki, maboksi kwa maboksi. Watu wa mijini walipimwa wakizidiwa, wengi hawakupimwa kabisa. Nilikuwa na sikwensi zaidi ya sitini za kituo kimoja cha mpakani, na nne za mji wa ndani ambako malori hulala. Nikaendesha modeli ya kompyuta ya kukadiria kirusi kilikotoka, ikaniambia shina la mti, yaani chanzo, liko mpakani kwa uhakika mkubwa. Nikachora mshale kutoka mpakani kuingia mjini, mnene, mwekundu, nikampa bosi. Aliniuliza swali moja tu, kama nina uhakika. Nikamjibu ndiyo, na kweli nilikuwa nao.

Mshale ukaenda kwenye kikao, ukatoka kwenye kikao.

Baada ya wiki mbili akanipigia mjomba wangu, mdogo wake mama, anayeendesha tangi la mafuta kutoka Mombasa hadi Kampala. Alikuwa amesimama kwenye kibanda anakokula miaka yote, kwa mama mmoja anayemjua hadi majina ya watoto wake. "Mpwa wangu," akaniambia, "leo kaniwekea sahani juu ya jiwe, akarudi nyuma, akaniambia nikimaliza nisirudishe." Hakulalamika sana, mjomba si mtu wa malalamiko. Alitaka kujua tu, kwa kuwa mimi niko maabara, ni kweli wale wataalamu wamethibitisha kwamba madereva ndio wanaouleta? Nilikuwa na picha ile kwenye skrini mbele yangu. Nilimjibu kwamba utafiti bado unaendelea.

Mwezi uliofuata fundi wa maabara ya hospitali ya mji ule akapiga simu kuuliza kama atupe sampuli za zamani, friza imejaa. Tukamwomba asitupe, azitume. Tukachagua zenye Ct chini ya 30 (namba ya kipimo; ikiwa ndogo, kirusi ni kingi), tukazisoma. Nyingi zilikuwa zimechukuliwa kabla ya sampuli yetu ya kwanza ya dereva. Mti ulipojengwa upya, matawi ya mjini yakajaa chini karibu na shina, na madereva wakachomoza kutoka ndani yake, sehemu tano au sita tofauti. Walikuwa wameambukizwa mjini, walikolala, walikokula. Nilikuwa nimeusoma mti kinyume, nikawatwika mzigo watu walioupokea.

Modeli haikuwa na kosa. Mahali ambapo hukuchukua sampuli, kwake ni kama hapapo, na mahali ulipochukua nyingi inapaona kuwa ndiko kirusi kilikoishi. Niliandika sahihisho siku hiyohiyo. Likasomwa na wachache, huku picha ya mshale ikiendelea kuonyeshwa kwenye mawasilisho ya watu nisiowajua. Mjomba nilimweleza yote ana kwa ana Desemba, nyumbani kwa bibi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama yule mama wa kibanda ameambiwa. Hakuwa ameambiwa. Tulikwenda wote wawili, nikamweleza mwenyewe.

Kwa hiyo: punguzeni sampuli ziwe sawa kwa kila mahali na kila wiki, rudieni uteuzi huo mara kumi, muone kama mshale unabaki. Usipobaki, hamna mshale.

4. Jenomu mbili zikifanana herufi kwa herufi, msiseme huyu kamwambukiza yule. Corona ina herufi takriban 30,000 na hubadilika kama mbili kwa mwezi. Watu wanne wanaweza kuambukizana mfululizo na jenomu zao zisiachane hata kwa herufi moja.

5. Kipimo kikigoma, msikimbilie kulaumu praima (vipande vya DNA ambavyo kipimo hutumia kumtafuta kirusi). Kule Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, mlipuko wa mpox ulioanza 2023 ulikuwa na kirusi kilichopoteza kipande kilekile ambacho kipimo cha PCR cha kutambua kundi la kwanza la mpox (clade I) kilikuwa kinakitafuta. Kugoma kule ndiko kulikokuwa habari. Na mabadiliko ya mtindo wa APOBEC3 (alama ambazo kimeng'enya cha mwili wa binadamu huacha kwenye jenomu ya kirusi) yaliyojaa kwenye jenomu zile yalionyesha kirusi kinapita mtu hadi mtu. Ilipofika Julai 2024, ukoo huo, Ib, ulikuwa umefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na mgonjwa wa kwanza wa Kenya alikuwa msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta. Mpakani tena, ndugu zangu. Mpaka ni mahali tunapopima. Msisahau hilo hata siku moja.

6. Wapigieni simu wanaowatumia sampuli, muwape majibu. Yule fundi wa friza alitupigia kwa sababu tuliwahi kumrudishia matokeo yake.

Kijana wetu alirudi Alhamisi. Alipobakiza mbili kwa mbili, mshale uligeuka karibu kila alipochagua upya. Bila kuambiwa na mtu, akaipigia hospitali ya ule mji wa pili. Wana sampuli kumi na nane, hakuna aliyewahi kuziomba. Gari linafika kesho. Mtu awe getini saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya kusaini ahakikishe kila fomu ina tarehe ya kuchukuliwa.