Umelipa deni na benki bado inakunyima mkopo? Soma ripoti ya CRB kabla ya kununua cheti

Ndugu, umeuliza kwa nini benki imekukatalia mkopo wa pikipiki ilhali umemaliza madeni yote, na kama ununue cheti cha CRB (kampuni zinazotunza rekodi za mikopo) ili jina "lisafishwe". Cheti kiache kwanza. Nilikaa dawati la mikopo kwenye sacco hapa Kenya kwa miaka kadhaa, na wengi waliokuja na swali kama lako walijua alama yao tu, ile namba ambayo CRB humpa kila mkopaji. Ripoti yenyewe hawakuwa wameifungua.

Kuwa CRB si kosa. Tangu kanuni za 2013, benki hupeleka habari nzuri na mbaya, kwa hiyo aliyekopa benki yumo, hata anayelipa kabla ya tarehe. Ubaya ni akaunti kuripotiwa kuwa imechelewa, na anayeripoti ni mkopeshaji. Kampuni za CRB, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, hutunza walicholetewa.

Alama nayo kila kampuni hukokotoa kivyake. Ya Metropol huanzia 200 hadi 900. Usishtuke ukikuta kampuni nyingine imekupa namba tofauti. Nikiwa dawatini, alama ya mwombaji niliitupia jicho, kisha nikaenda kwenye akaunti moja moja: salio, siku za kuchelewa (zikifika 90 mkopo huhesabiwa mbovu), malipo ya miezi iliyopita. Nilitazama pia wakopeshaji waliokwisha kuulizia jina lake. Aliyeomba kwa wakopeshaji watano wiki moja anamtia afisa wasiwasi, hata kama hadaiwi senti.

Sasa jambo ambalo nadhani ndilo lako. Ripoti yangu iliwahi kuonyesha mkopo wa simu niliokwisha kuulipa pamoja na faini. Mkopeshaji, sitamtaja, hakupeleka taarifa mpya. Nilimwandikia, kimya. Nikatoa taarifa ya M-Pesa, nikazungushia muamala wa mwisho kwa kalamu, nikapeleka pingamizi kwa kampuni ya CRB. Sikutozwa kitu. Barua yangu aliipuuza, ya kampuni akaijibu, na salio likawa sufuri.

Ila kama kweli ulichelewa, kulipa hakufuti historia. Akaunti itasomeka kuwa imelipwa, lakini rekodi ya kuchelewa hubaki miaka 5 tangu ulipomaliza deni. Hapo pingamizi halisaidii. Benki nyingine inaweza kukubali ikiona umelipa vizuri tangu hapo, nyingine itakataa tu. Anayekuambia atakufuta CRB kwa elfu mbili ni tapeli, mblock.

Ukikuta umeorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000, lipinge pia: Benki Kuu ilizuia hilo Aprili 2020.

Basi muulize afisa aliyekukatalia alisoma ripoti ya kampuni gani, uanze na hiyo. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Chukua na za kampuni zile nyingine mbili, maana kosa linaweza kurekebishwa huku likabaki kule. Cheti ni cha wanaoomba kazi na tenda. Afisa wa mkopo hukiweka kando akafungua ripoti.

Ukiipata, weka hapa kurasa za akaunti tuzisome pamoja. Ficha jina na namba ya kitambulisho.