Wanafunzi wa miaka 12 na matembezi ya York

Mwalimu, umeuliza kama watoto wa miaka 12 watavumilia saa mbili za kutembezwa York, Uingereza, wakisimuliwa Zama za Kati. Watavumilia, ila kiongozi asiwamalizie muda kwenye kanisa kuu. Ujenzi wake ulianza miaka ya 1220 ukakamilika 1472, na ni zuri kweli, lakini shingo za watoto huchoka upesi.

Anzia lango la Micklegate, kwenye ukuta wa kale wa mji. Waambie kwamba mwaka 1460, baada ya vita vya Wakefield, kichwa cha Richard wa York, aliyedai kiti cha ufalme, kilitundikwa juu ya lango hilo. Hapo hata wale watundu hunyamaza. Ukutani watembee kipande tu, maana wote unazidi kilomita 3.

Muda mrefu upe mtaa wa Shambles, uliokuwa wa wachinjaji. Ghorofa za juu zimeinamiana hadi anga linabaki ufito. Wape kazi ya kutafuta kulabu za kutundikia nyama, bado zipo, na vile vibao vipana chini ya madirisha vilivyopangwa nyama.

Mnara wa Clifford nao usiuruke. Machi 1190, Wayahudi wapatao 150 waliokimbilia ngome ya mbao iliyokuwa hapo walikufa, wengi wakijiua kuliko kuangukia mikononi mwa umati uliowashambulia. Zungumza na watoto darasani kabla ya safari, wasilisikie jambo zito namna hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama kwenye upepo.