Mboga nini leo? Kwetu ni spinachi

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Je, familia inaweza kula bila nyama wala samaki na watu wakaridhika? Kwako mnapika nini?" Nipo Uyole, Mbeya. Nyumbani tupo sita: mimi na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Siku nne kati ya saba hatuli nyama, samaki wala dagaa. Watu wanaridhika, ila haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Shida ya kwanza iko kwenye neno lenyewe. Kwetu mboga ni chochote kinachoteremshia ugali. Nyama ni mboga, samaki ni mboga, maharage ni mboga. Mtoto akirudi shule anauliza, "Mama, mboga nini leo?" Ukijibu "spinachi", uso wake unanywea kabla majani hayajanywea sufuriani. Amezoea kwamba majani ni kitu cha pembeni, au cha siku ambayo hela imekata. Na sisi wapishi tunayapika hivyohivyo: kitunguu, mafuta, tunatupia majani, tunafunika, tunaenda kuanika nguo. Ukirudi unakuta rojo lililopauka linaogelea kwenye maji. Nimewapa watu wangu chakula hicho kwa miaka, na leo najuta.

Aliyenibadilisha ni mama mkwe, alipohamia kwetu kutoka Tukuyu. Jioni moja alifunua sufuria, akaangalia, akafunika.

"Mwanangu, hii mboga umeiua," akasema. "Majani hayapikwi. Yanatishwa tu na moto."

Nikamwambia, "Sawa mama, kesho unionyeshe."

Alianzia kwenye kuosha, na hapo ndipo nilipojua kuwa sikuwa najua hata kuosha. Majani ya spinachi yana mikunjo, na masika mvua inarusha udongo mpaka ndani ya mikunjo ile. Alijaza beseni maji, akatumbukiza majani mazima, akayatikisatikisa, akayaacha yatulie. Kisha akayainua juu kwa mikono miwili na kuyahamishia kwenye beseni lingine. Mimi siku zote nilikuwa nainamisha beseni na kumwaga kila kitu kwenye chujio. "Ukimwaga hivyo unaurudisha mchanga juu ya majani," akasema. Chini ya beseni ulibaki mchanga wa kujaza kijiko. Alirudia mara tatu mpaka maji yakawa meupe. Kukata kulikuja baada ya hapo, na kuna sababu nzuri: vitamini C na foleti huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukikata kwanza ukaosha baadaye, sehemu yake unaimwaga uani. Foleti ndiyo hiyo akina mama wajawazito wanayoihitaji sana.

Halafu akatenganisha mashina na majani. Bwana shamba mmoja alikuja kunieleza baadaye kwa nini ni lazima. Hii tunayonunua Mwanjelwa kwa jina la spinachi, yenye mashina meupe manene, kwa kweli ni ndugu wa karibu wa bitiruti anayelimwa kwa ajili ya majani. Spinachi yenyewe, iliyoanzia Uajemi, ina majani madogo na laini na haipendi joto. Zote mbili, pamoja na mchicha wetu, ni za ukoo mmoja. Kwa hiyo ukisoma maelekezo ya mapishi ya ng'ambo ukaambiwa "dakika moja tu", jua wanazungumzia jani lile laini. Letu lina shina, na shina na jani haviivi pamoja. Ukisubiri shina liive, jani limeshakufa.

Sasa mlo wenyewe, ambao kwetu hauna mpinzani: spinachi ya karanga. Kwa watu sita nachukua kama kilo moja na nusu ya spinachi mbichi. Msiogope wingi wake, sehemu kubwa ni maji. Karanga robo kilo nazikaanga kidogo, nazipeta maganda, natwanga mpaka zilainike. Kitunguu kikubwa kimoja, nyanya tatu, karoti moja ya kukwaruza, vijiko viwili vya mafuta ya alizeti. Kitunguu kikishalainika naweka karoti na nyanya, nafunika mpaka nyanya zivurugike. Karanga nazikoroga pembeni kwa vikombe viwili vya maji ya vuguvugu ziwe kama uji, namimina, napunguza moto. Hapo mtu haondoki jikoni. Unakoroga dakika kama kumi, maana karanga hushika chini upesi na zikiungua harufu haitoki. Utajua zimeiva utakapoona mafuta yake yanaanza kuelea juu, mviringo mmojammoja. Tia mashina uliyokata membamba, dakika tatu. Ndipo majani, nusu kwanza, geuza, yakishuka weka nusu iliyobaki. Dakika tatu au nne, bila mfuniko. Chumvi naweka mwisho kabisa: ukikadiria wakati sufuria imejaa majani, yakishanywea mboga inakuwa ya chumvi. Nikiipua nakamulia limao nusu.

Kwa ugali ni nzuri; kwa wali wa Kyela, pamoja na kipande cha parachichi, ni nzuri zaidi. Siku hiyo hakuna anayeuliza nyama iko wapi. Karanga zimeleta protini na zimeleta mafuta, na kile kiini cha vitamini A kilicho ndani ya jani kinahitaji mafuta ili mwili ukichukue. Majani ya kuchemsha na chumvi peke yake yanakunyima hicho.

Magadi niliacha. Najua jirani zangu wengi wanatia, kwa sababu mboga inabaki kijani kibichi na inalainika haraka. Lakini magadi yanaharibu vitamini C na B1, na jani la kupikwa dakika nne halihitaji kulainishwa na kitu.

Jambo la pili nililobadilisha liliuma kidogo, maana sisi ni watu wa chai, Rungwe mashamba ya chai yamejaa. Tulikuwa tunashushia chakula na chai ya rangi. Madini ya chuma yaliyo kwenye majani na maharage ni magumu mwilini kuliko ya nyama, na chai inayazuia yasifyonzwe vizuri. Limao au chungwa hufanya kinyume, husaidia. Sasa chai inakuja saa moja au zaidi baada ya mlo. Mume wangu alinung'unika wiki mbili hivi, akazoea.

Yeye mwenyewe ndiye sababu ya kutopika spinachi kila siku. Aliwahi kupata jiwe kwenye figo, na daktari akamwambia aipunguze, kwa kuwa ina oksaleti nyingi, ambayo ikikutana na kalsiamu inaweza kujenga mawe ya aina hiyo. Kwa hiyo spinachi ni siku mbili tu na yeye anakula kidogo. Siku nyingine ni chainizi, ambayo oksaleti yake ni ndogo, au maharage. Na mwenye kutumia warfarin ya kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza majani ghafla, maana yana vitamini K nyingi.

Jumapili ni kande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage vinalala kwenye maji usiku kucha, asubuhi maji yale namwaga. Dada yangu wa Dar es Salaam akija hushangaa maharage yetu kuchelewa kuiva. Huku tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kuloweka ni lazima. Kande zikiwa tayari, na nyanya na kitunguu vimeshaingia, natupia spinachi iliyokatwa ndogondogo dakika chache kabla ya kuipua.

Mayai na maziwa mgando tunatumia. Kwa anayeacha vyote vinavyotoka kwa mnyama, vitamini B12 haipo kwenye majani wala maharage, itabidi aitafute kwingine, kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Spinachi yenyewe sasa sinunui sana. Nina viroba saba vya udongo na samadi nyuma ya nyumba, na baridi yetu ya Juni na Julai, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, haiisumbui. Unachuma majani ya nje, moyo wa katikati unauacha, nayo inaendelea kutoa kwa miezi. Kazi hiyo ni ya mtoto wangu wa mwisho, ana miaka sita. Juzi aliingia na beseni limejaa, akaenda moja kwa moja kwa bibi yake aliyekuwa amekaa karibu na jiko.

"Bibi, leo mboga spinachi. Ya karanga."

"Ya katikati umeacha?"

"Nimeacha."

"Haya, lete beseni la pili tuoshe."