Ndago Kwanza, Nyasi Baadaye: Nilivyosawazisha Uwanja wa Nyuma

Nyuma ya nyumba yetu, Goba, Dar es Salaam, palikaa pori miaka sita. Mafundi walipomaliza kujenga waliacha kifusi palepale, mvua za masika zikachimba mifereji, magugu yakafika kiunoni. Nilipoamua kupanda nyasi mara ya kwanza nilifyeka, nikaagiza tipa la udongo, nikaumwaga juu na kupanda wiki ileile. Haikupita miezi miwili. Palipojazwa pakatitia, maji yakatuama mlangoni mwa jiko, na magugu ya ndago yakatoboa kila mahali. Hela yote ikaenda. Ninayoyaandika hapa ni ya mara ya pili, na natamani wewe uanzie hapa.

Kabla ya kununua udongo, chimba kidogo uone una ndago kiasi gani. Mimi nilipiga magoti nikafukua shina moja taratibu. Chini ya yale majani membamba kulikuwa na kokwa nyeusi, ndogo kama punje ya njugu. Kwenye kokwa hiyo umetoka uzi mgumu hadi kokwa ya pili, kisha ya tatu, kama tasbihi. Ukivuta majani kwa mkono uzi unakatika, kokwa zinabaki ardhini na kuchipua upya. Jembe la kawaida huzikata na kuzitawanya, kwa hiyo nilitumia jembe la meno, nikazitoa na kuzianika juu ya bati mpaka zikakauka kabisa. Usizitupe kwenye mboji.

Halafu nikamwagilia ardhi tupu kama mtu aliyepanda mchicha. Majirani walishangaa. Baada ya wiki tatu, ndago zilizojificha zikachomoza, nikazichimba zingali changa. Nilirudia mara tatu. Sumu ya magugu yenye glifosati inasaidia ikipulizwa kwenye majani mabichi, maana mmea wenyewe huishusha hadi kwenye kokwa. Ila kokwa iliyolala, isiyo na jani, haiguswi. Kwa hiyo hata ukipuliza, kungoja kuko palepale.

Kwenye kusawazisha, kwanza toa udongo mweusi wa juu, kama sentimita 15, uurundike pembeni na kuufunika turubai. Huo ndio wenye rutuba. Ukiuzika chini ya kifusi nyasi zako zitakuwa za manjano daima. Kisha sululu na beleshi: vipande vya zege, saruji iliyoganda, misumari, vyote vitoke.

Na uwanja usiulaze kama meza. Unatakiwa uteremke kutoka ukutani, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Jirani yangu fundi uashi alikuja na mpira wake wa maji wa kupimia usawa, ule mweupe unaoona ndani. Yeye akashika ncha moja kwenye kigingi cha ukutani, mimi nyingine upande wa uzio. Maji yalipotulia akaniambia, "Dada, weka alama hapo hapo, usitingishe." Miaka yote macho yangu yaliniaminisha kwamba uwanja umeinamia bondeni. Mpira ulionyesha umeinamia jikoni! Uwanja una mita 10, tukavuta kamba kutoka ukutani hadi kwenye uzio, tukaishusha sentimita 15 upande wa uzio na kuifuata hiyo.

Unapojaza mashimo, jaza kwa matabaka ya sentimita 10: mwaga, nyunyizia maji, shindilia, ndipo uongeze. Sisi tulimaliza Septemba, tukaziachia mvua za kwanza za vuli zituonyeshe palipobonyea. Palikuwa pawili, tukapaziba. Ndipo ukarudi udongo mweusi pamoja na samadi iliyooza vizuri (mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu), tukapiga reki, tukaacha uso wa udongo chini kidogo ya ukingo wa baraza.

Kwa joto la pwani nilichagua nyasi aina ya pasipalamu. Mdogo wangu wa Arusha amepanda nyasi aina ya kikuyu, inayopenda ubaridi wa kule. Vipando vyangu tuliviweka kwa umbali wa kiganja, tukavikanyaga kwa miguu vishike ardhi, na kumwagilia kila siku ambayo mvua haikunyesha.

Kona ya kwenye tangi la maji bado inatoa ndago mbili tatu. Kila Jumamosi asubuhi, udongo ukiwa na unyevu, naenda na kisu kirefu nikazifuate hadi kwenye kokwa.