Jibu: Desemba China, mwalimu wa Kiingereza anapata likizo?

Ndugu, umeuliza kama Desemba utapumzika ukienda kufundisha Kiingereza China. Sahau. Krismasi si sikukuu ya serikali kule bara. Wanaofunga ni Hong Kong na Macau. Tarehe 25 unaingia darasani kama kawaida, tena kwa mwalimu mgeni hizo ndizo wiki za kukimbizana. Chekechea na vituo vya masomo ya jioni hutaka maonyesho ya kuwavutia wazazi, kwa hiyo utafundisha nyimbo, utavalishwa ndevu za pamba na kupigwa picha mpaka mashavu yaume. (Uliza mapema kama muda huo unalipwa. Mikataba mingi iko kimya hapo.)

Januari mosi mnapumzika. Likizo yenyewe hasa ni Mwaka Mpya wa Kichina, nao huhama: 2025 ulikuwa Januari 29, 2026 ukawa Februari 17. Shule za serikali hufunga wiki kadhaa, lakini vituo binafsi, hadi 2021, mara nyingi viliitumia likizo hiyo kuongeza vipindi. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla na huisha upesi mno. Kama unarudi Dar, ya ndege kata mapema.