Kura za saccos kwa simu, tukubali?

SWALI: Shikamoo anko. Niko Mafinga, mwanachama wa saccos yetu ndogo ya wauza mbao na wakulima wa chai. Mwaka huu bodi inataka viongozi tuwachague kwa simu, unatumiwa linki unabonyeza imeisha, hamna kukaa ukumbini siku nzima. Vijana wamefurahi, wazee wananuna eti kura zitaibiwa huko hewani. Nani yuko sahihi?
(Mwanachama, Mafinga)

JIBU: Marahaba, na kamwene. Wazee wana hoja ila wamemshuku mwizi siye. Watu wanawaza wadukuzi wa ng'ambo, kumbe mwizi wenu anaweza akawa mjukuu anayejua pin ya bibi sababu ndo anamtolea hela kila wiki, sasa siku ya kura linki ikiingia kwenye ile simu nani atabonyeza? Na mume akikaa pembeni anachungulia je? Ukumbini mnatengewa kona ya siri, sebuleni haipo.

La pili ndo zito zaidi: mkibishana mtahesabu nini? Karatasi zinamwagwa mezani hata asiyesoma anaona kinachoendelea, simu inakuletea namba tu, uamini au ununue ugomvi. Mahakama ya katiba Ujerumani mwaka 2009 ilizikataa mashine za kura kwa hilohilo, kwamba raia lazima aweze kukagua bila kuwa fundi (haikusema kuna aliyeiba!). Namibia nao walianza na mashine 2014, ila 2020 Mahakama ya Juu ikasema bila karatasi ya kuhakiki ni kinyume cha katiba.

Estonia wanapiga kwa intaneti tangu 2005, na 2023 zaidi ya nusu ya kura za bunge zilipigwa hivyo, ila wana vitambulisho vyenye chipu, na ukilazimishwa leo unarudia kesho, ya mwisho ndo inahesabiwa. Linki ya sms haina hayo. Hata ile BVR (mfumo wa kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole) iliyozinduliwa hapo Makambako 2015 ilikuwa ya kuandikisha tu, kura tulipiga kwa karatasi.

Mi ningesema simu itumike kuitana mkutanoni na kuhakiki daftari la wanachama, basi. Bodi waking'ang'ania waulize paswedi ya huo mfumo anashika nani, wakikwambia ni katibu na katibu mwenyewe anatetea kiti, anza kutafuta nauli ya kwenda ukumbini.