Sullivan yupi? Niliyojifunza nikitafuta asili ya ukoo wa mume wangu

Siku ya kwanza mume wangu kunipeleka kwao, baba yake alinionyesha ngao ya mbao iliyotundikwa sebuleni, juu ya televisheni. Akaniambia hiyo ndiyo nembo ya ukoo wao, akina Sullivan wa Ayalandi. Nikamuuliza swali ambalo marehemu nyanya yangu wa Nyeri angemuuliza mgeni yeyote: nyinyi ni Sullivan wa wapi, wa mzee gani? Akafikiri kidogo, akasema, "Cork." Nikauliza, Cork sehemu gani? Kimya. Hapo ndipo nilipojitwika mzigo ulionichukua miaka mitatu.

Naandika kwa ajili ya wenzangu huku Massachusetts ambao watoto wao wanaleta kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo. Upande wa Kenya unamalizika kwa simu moja kwa shangazi. Upande wa pili mtoto anaandika "Ireland" halafu anakutazama.

Basi lijue hili kabla hujafungua kompyuta: jina la ukoo peke yake halikufikishi popote. Hesabu ya majina iliyofanywa mwaka 1890 iliweka Sullivan nafasi ya tatu Ayalandi nzima, nyuma ya Murphy na Kelly, na wengi wao wamejazana kaunti mbili tu, Cork na Kerry. Kumtafuta John Sullivan wa Cork ni kama kumtafuta Kamau wa Murang'a. Utampata, tena utawapata wengi, na kila mmoja atakufaa kwa wiki mbili tatu hivi.

Lenyewe ni jina zuri. Kwa Kiayalandi ni Ó Súilleabháin. Ndani yake mna *súil*, jicho. Wataalamu wanabishania kilichobaki, wengine wakisema mwenye macho meusi, wengine mwenye jicho moja. Hiyo Ó maana yake ni mjukuu au mzao wa, na Mac ni mwana wa, kwa hiyo aliyezoea *arap* ya Wakalenjin au *ole* ya Wamaasai hana la kushangaa. Binti ya Ó Súilleabháin huitwa Ní Shúilleabháin. Waingereza walipotawala, familia nyingi ziliiacha ile O, na wengine wakairudisha baadaye, vuguvugu la kufufua Kiayalandi liliposhika moto mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo tafuta Sullivan na O'Sullivan pia, maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuandikwa tofauti. Na ukiambiwa kwamba makarani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ndio walioikata O ya babu, usiamini. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 1892, watu wakiwa wameshahama kwa miongo mingi, na orodha za abiria ziliandikwa kule meli ilikong'oa nanga.

Ile ngao nayo? Nembo za aina ile hupewa mtu mmoja na kurithiwa na wazao wake. Hazipewi kila anayebeba jina. Wauza vikombe na ngao hawatakwambia hivyo. Mimi mwenyewe nililipa kampuni moja ya mtandaoni inipe "historia kamili ya familia", nikaletewa kurasa nne ambazo Sullivan yeyote duniani angeletewa, nembo ikiwa imechapwa juu kwa rangi za kupendeza.

Kosa langu kubwa lilitokana na lile neno Cork. Nililichukua kama jiji, nikamwandama John Sullivan mmoja wa pale mjini miezi minane, nikajenga vizazi vitatu vya watu wasiotuhusu hata kidogo. Kumbe meli nyingi za wahamiaji zilipakia Queenstown, bandari ya Cork ambayo leo inaitwa Cobh, na wajukuu wakabaki na jina la mahali babu alipopandia meli. Isitoshe, Cork ndiyo kaunti kubwa kuliko zote Ayalandi. Kutoka jijini hadi ncha yake ya magharibi ni safari ya saa kadhaa kwa gari.

Ncha hiyo, rasi ya Beara, ndiko tulikoishia. Asili ya akina O'Sullivan si huko. Walikuwa watu wa bara, nchi yenye rutuba ya Tipperary, wakasukumwa kuelekea milima ya kusini magharibi Wanormani walipoingia mwishoni mwa karne ya 12. Huko wakagawanyika: O'Sullivan Mór upande wa Kenmare, na O'Sullivan Beare kwenye rasi. Mwaka 1602 majeshi ya Malkia Elizabeth yaliibomoa ngome ya Dunboy. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo kiongozi wao, Donal Cam, akaondoka Glengarriff na watu wapatao 1,000, wanawake na watoto wakiwemo, kwenda kaskazini katikati ya majira ya baridi huku wakishambuliwa njia nzima. Walipofika mto Shannon walichinja farasi wao, wakatengeneza mashua kwa ngozi. Waliofika Leitrim kwa pamoja walikuwa 35.

Baba mkwe alipoisikia habari hii aliamua palepale kwamba yeye ni mzao wa Donal Cam. Kila Sullivan wa Boston ni mzao wa Donal Cam. Nilimwambia kwa adabu kwamba yule mzee alikimbilia Uhispania na kuuawa Madrid mwaka 1618, na kwamba walioijaza Beara yawezekana kabisa ni watoto wa wale wasioondoka. Hakupenda.

Kilichowaondoa wakwe zangu ni viazi na shaba. Viazi vilianza kuoza mwaka 1845, na katika njaa iliyofuata walikufa watu wapatao milioni moja, wengine zaidi ya milioni wakahama. Upande wa Kenmare mwenye ardhi mmoja mkubwa aliona nafuu kuwalipia nauli wapangaji wake maskini waende New York kuliko kuwalisha, ndiyo maana vitongoji duni vya Five Points vilijaa akina Sullivan. Beara ilikuwa na jambo la ziada: migodi ya shaba ya Allihies, iliyofunguliwa mwaka 1812. Migodi ilipodhoofika, wachimbaji waliondoka na ujuzi wao. Wengi walifuata shaba hadi Michigan, halafu Butte, Montana, mji uliojaa watu wa Beara. Mzee Michael wetu, babu wa baba mkwe, alipita njia hiyohiyo. Ni mjukuu wa wale wachimbaji, babake baba mkwe, aliyehamia Boston kazi zilipokauka miaka ya 1930.

Hayo nisingeyajua kama si jiwe la kaburi. Hati za uraia za Marekani za wakati ule mara nyingi husema "Ireland" basi, lakini makaburi ya Wakatoliki mara nyingine hutaja parokia. La Michael, kule Butte, limeandikwa kwamba ni mzaliwa wa Castletown Bere, mji wa huko Beara. Kabla hujalipa mtu senti moja, piga picha makaburi, soma matangazo ya vifo kwenye magazeti ya zamani, omba kanisa likusomee daftari la ndoa. Gazeti la The Pilot la Boston lilichapisha matangazo ya kutafuta jamaa waliopotea kuanzia 1831 hadi 1921, yakitaja kijiji cha mtu na meli aliyopanda. Ni kama zile salamu na matangazo ya redio tulizokulia nazo.

Ukishapata parokia, sasa vuka bahari. Usishtuke ukikuta mashimo: sensa nyingi za karne ya 19 ziliteketea jengo la kumbukumbu la Dublin lilipolipuka na kuungua Juni 1922, na nyingine serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Zipo za 1901 na 1911, bure mtandaoni. Madaftari ya ubatizo ya Kikatoliki yako kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, bure pia. Hesabu ya wapangaji wa ardhi iitwayo Griffith, ya 1847 hadi 1864, itakupa hata kitongoji.

Mimi nilikwama hapohapo, na kwa ujinga wangu. Sensa ya Marekani ya 1900 ilionyesha kifungua mimba wa Michael anaitwa Florence, halafu karani akaandika ni wa kiume. Nikaona karani amelewa. Florence ni shangazi yangu wa Karatina! Mwaka mzima ulipita ndipo nikasoma kwamba magharibi ya Cork, Florence ni jina la mwanamume, lililowekwa badala ya Fínghin. Vivyo hivyo Jeremiah ni Diarmaid, Cornelius ni Conchobhar, na Timothy ni Tadhg.

Hapo Ugikuyu wangu ukaniokoa. Waayalandi wa zamani walikuwa na desturi ileile yetu: mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babake baba, wa pili la babake mama. Kama kifungua mimba ni Florence, basi babake Michael ni Florence. Nikarudi kwenye orodha ya Griffith, kando ya Allihies. John walikuwa kumi na kitu. Florence Sullivan alikuwa mmoja.

Kwenye orodha, mbele ya jina lake, kulikuwa na neno Rua, yaani mwekundu. Huko Sullivan ni wengi kiasi kwamba kila tawi lina lakabu yake, na watu hutambuana kwa lakabu kuliko jina. Nilipompigia shangazi wa mume wangu, mwenye miaka 91, kumuuliza kama amewahi kusikia neno hilo, alicheka. "Ndivyo babu alivyokuwa akijiita akinywa." Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Baba mkwe amefurahi, ila wiki iliyopita kanipigia simu. Nyanya yake, mke wa Michael, alikuwa Harrington, pia mtu wa Beara. Anataka kujua ilikuwaje bibi wa Kiayalandi akawa na jina la Kiingereza. Nimeshaangalia kidogo: si la Kiingereza hata kidogo, ni Ó hUrdail lililovalishwa nguo za kigeni. Ni wengi kama mchanga.